Cheti cha Jina Hakilindi Chapa

Wafanyabiashara wengi wakishapata cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, hukitundika ukutani wakiamini jina limekuwa lao. Si kweli, na imani hiyo inawaponza. Cheti hicho hutolewa chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, na kazi yake kubwa ni kuonyesha nani yuko nyuma ya jina fulani. Haki ya kumzuia mwingine asiuze bidhaa za aina hiyo kwa jina hilo inatokana na sheria nyingine kabisa, ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, yenye maombi yake, ada zake na daftari lake.

Chukua mama wa Morogoro anayefungasha unga wa lishe. Jina kalisajili, wateja wanalijua. Kampuni ya Dar es Salaam inakuja na jina linalokaribiana nalo, inalisajili kuwa alama ya biashara, kisha inamwandikia kupitia wakili: ondoa mifuko yako sokoni. Mama huyu hawezi kushtaki kwa kuingiliwa alama, kwa kuwa hana alama iliyosajiliwa. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba alitangulia kulitumia jina, na kwamba mwenzake anajinufaisha kwa sifa yake. Hapo anahitaji risiti za zamani, mashahidi, wateja waliochanganyikiwa, na fedha za wakili. Wadogo wengi hawana hata kimoja kati ya hivyo.

Sheria ilimpa nafasi mapema. Ombi la alama hutangazwa katika jarida la Msajili, na anayeona ataumia ana siku 60 za kuweka pingamizi. Pingamizi lina nguvu: kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno Kikoy nchini mwao, Wakenya walikataa na ombi likaachwa. Lakini kikoi kilitetewa na watu wengi. Unga wa mama wa Morogoro unatetewa na yeye peke yake, naye jarida hilo hajapata kuliona.

Madaftari yote mawili yako chini ya BRELA, kwa hiyo hatuoni kisingizio. Mtu anapoomba jina mtandaoni, mfumo upekue na daftari la alama, umwonyeshe yanayofanana kwa maandishi na kwa matamshi. Kuongeza “Super” mbele ya jina la mwenzako kusihesabiwe kuwa ni jina jipya. Cheti nacho kiseme kwa Kiswahili cha wazi kwamba hakilindi chapa. Na matangazo ya maombi mapya yatumwe kwa simu kwa wenye majina yanayokaribiana, siku 60 zikiwa bado zinahesabika.

Wafanyabiashara nao wasingoje. Alama ikisajiliwa hulindwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Anayeuza ng’ambo ya maji akumbuke kwamba Zanzibar ina sheria yake na msajili wake. Alama ya Bara haivuki na boti. Aombe kote kuwili, na aombe kabla hajachapisha mifuko.