Milima ya Rusizi ni michanga, madini yake ni ya kale

Wengi wanaovuka daraja la Rusizi ya Kwanza na la Rusizi ya Pili kila asubuhi hawajawahi kubeba gunia la koltani. Wanabeba nyanya, unga, sambaza, nguo, mayai, saruji. Hata hivyo, mvutano wa madini unapopanda kati ya Kigali na Kinshasa, wao ndio wa kwanza kuona ukaguzi ukiongezeka, saa za mpaka zikipunguzwa na wateja wa Bukavu wakikosa fedha. Kwa hiyo hata muuza nyanya ana sababu ya kujua kwa nini madini yako huku na kule, na kwa nini ni vigumu kusema jiwe fulani limetoka upande gani.

Tuanze na dhana iliyoenea: kwamba mlima mrefu ndio wenye madini, na mlima wa volkano ndio wenye utajiri kuliko yote. Katika ukanda wetu ni kinyume chake. Milima tunayoiona kwa macho, kutoka mteremko wa Nyungwe hadi vilima vya nyuma ya Bukavu, imeinuka majuzi tu kwa hesabu ya wanajiolojia. Madini yaliyomo ni ya mlima mwingine, uliokwisha kumomonyoka zamani sana.

Mlima huo wa kale ulianzaje? Mahali palipo Rwanda, Burundi, Kivu, Karagwe na Ankole leo palikuwa bonde kubwa lililojaa mchanga na matope, tabaka juu ya tabaka. Takriban miaka bilioni 1 iliyopita tabaka hizo zilibanwa kutoka pembeni, zikakunjamana kama mkeka unaosukumwa ukutani. Matope yakawa shisti, mchanga ukawa mwamba mgumu wa kwatsi. Chini yake miamba iliyeyuka, ikapanda na kupoa polepole ikawa graniti.

Graniti inapopoa haigandi yote kwa pamoja. Madini ya kawaida hutangulia kuganda, na yale yasiyopata nafasi ndani ya fuwele hizo hubaki kwenye maji ya moto ya mwisho: bati, tantali, wolframu, lithiamu. Masalia hayo husukumwa kwenye nyufa za miamba jirani. Karibu na graniti hujenga pegmatiti, mwamba mweupe wenye fuwele kubwa, na humo ndimo koltani, lithiamu na sehemu ya kasiteriti hupatikana. Mbali kidogo hujenga mishipa ya kwatsi yenye kasiteriti au wolframu. Gatumba kule Ngororero ni pegmatiti. Rutongo, kaskazini mwa Kigali, ni mishipa ya kwatsi yenye kasiteriti, na Nyakabingo ni wolframu. Rubaya kule Masisi ni pegmatiti pia. Ukisogea kusini hadi Manono, Tanganyika ya Kongo, unakuta pegmatiti kubwa yenye bati na lithiamu ambayo leo inagombewa na makampuni ya mabara matatu. Yote ni ya ukoo mmoja. Wanajiolojia wanauita ukanda wa Karagwe-Ankole upande wetu na ukanda wa Kibara kule Katanga, kwa jina la milima ya huko.

Kisha mlima huo ukaliwa na mvua na upepo kwa mamia ya mamilioni ya miaka, hadi yale yaliyokuwa kilomita kadhaa chini ya ardhi yakafika juu. Mchimbaji wa Ngororero anapochimba shimo la mita 20, anachimba katika tumbo la mlima ambao kilele chake hakuna binadamu aliyekiona.

Milima ya leo ina kisa chake. Ganda la dunia linavutwa huku na huku, sehemu ya mashariki ikijitenga na Afrika kwa milimita chache kila mwaka. Katikati hudidimia, na kingo huinuka. Ziwa Kivu limo katika mdidimio huo, uso wake ukiwa takriban mita 1,460 juu ya bahari na kina chake kikipita mita 470. Nyungwe ni ukingo ulioinuka. Volkano za Virunga ziliziba njia ya kaskazini, maji yakatafuta njia ya kusini, na hivyo Mto Rusizi unashuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika. Bila anguko hilo pasingekuwa na vituo vya umeme vya Rusizi, wala mradi wa Rusizi ya Tatu wa megawati 206 ambao Rwanda, Burundi na Kongo wanausubiri pamoja.

Ufa huo bado hai. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko lilipiga Bukavu na Cyangugu, na upande wa Rwanda watu zaidi ya 30 walifariki.

Sasa, jambo hili lina maana gani kwa anayetafuta madini? La kwanza ni kwamba ufa haukuyatengeneza madini ya bati na koltani, bali umeyafunua. Kingo zinapoinuka, mito hukata kwa kasi na kuosha udongo. Kasiteriti na koltani ni nzito na hazichakai upesi, hivyo hubaki katika mchanga wa vijito huku vitu vyepesi vikienda. Dhahabu hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana ilichekechwa katika mito ya Nyungwe tangu zama za Wabelgiji. (Leo Nyungwe ni hifadhi ya taifa na, tangu 2023, urithi wa dunia. Anayekuambia ana kibanda cha dhahabu humo anakuuzia kesi.)

La pili linawahusu zaidi wenyeji. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kamembe na Bukavu imefunikwa na lava ya ufa, yale mawe meusi na udongo mwekundu unaopendwa na chai ya Shagasha. Lava hiyo ni changa mno, na haina uhusiano wowote na graniti ya bati. Mtu akikuletea jiwe jeusi zito kutoka kando ya barabara na kusema ni koltani, kumbuka kwamba basalti nayo ni nyeusi na nzito kiasi. Fedha nyingi za akiba za vikundi zimepotea kwa mawe ya namna hiyo. Mtafutaji wa kweli haanzi na jiwe. Anaanza na ramani: graniti iko wapi, shisti iko wapi, mpaka wa hizo mbili unapita wapi. Kisha huchukua mchanga wa vijito, huchimba mitaro, na mwisho kabisa hutoboa kwa mashine, kazi ya gharama kubwa ambayo mara nyingi huishia bure.

Hapo ndipo ukanda wetu ulipodumaa. Uchimbaji ulianza katika miaka ya 1930, ramani nyingi zikachorwa na Wabelgiji, na kumbukumbu nyingi za kazi hiyo zimehifadhiwa Tervuren, karibu na Brussels. Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, kampuni ya madini ya Rwanda, Somirwa, ilifilisika. Tangu hapo pande zote mbili zimeishi zaidi kwa wachimbaji wadogo wanaofuata mshipa unaoonekana na kuuacha unapoingia ndani. Utafiti wa kina umerudi kidogo kidogo. Mwaka 2023 Rio Tinto na Aterian walitia saini makubaliano ya kutafuta lithiamu kusini mwa Rwanda. Nchi isiyojua kilicho chini yake hujadiliana bei gizani, na nchi isiyoweza kuonyesha akiba iliyopimwa hupata taabu kuthibitisha kwamba inachouza ni chake.

Hilo la mwisho ndilo linalotugusa mpakani. Miamba ni ya ukoo mmoja, hivyo kwa macho koltani ya Masisi na ya Ngororero hazitofautiani. Ndiyo sababu kulitungwa mfumo wa lebo za magunia, ITSCI, ulioanza baada ya sheria ya Marekani ya 2010 kuhusu madini ya migogoro, na cheti cha Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu uliokubaliwa Lusaka mwaka huohuo. Lebo ni karatasi tu, na karatasi huhama. Waasi wa M23 walipoiteka Rubaya mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba tani zisizopungua 150 za koltani zilivushwa na kuchanganywa na ya Rwanda. Kigali ilikanusha. Februari 2025 Kinshasa iliitia migodi ya Masisi na Kalehe katika orodha nyekundu, na mwezi huohuo Bukavu ikaingia mikononi mwa M23.

Je, jiwe lenyewe haliwezi kusema? Linaweza, kwa kiasi. Koltani ina urani kidogo ndani yake, na kila pegmatiti ina mchanganyiko wake wa vitu vidogovidogo. Idara ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, imetengeneza njia ya kupima alama hizo katika maabara na kuzilinganisha na sampuli za migodi inayojulikana. Lakini kipimo hiki hufanya kazi pale tu ambapo sampuli za kila mgodi, huku na kule, zimo katika kabati moja. Nchi mbili zisizoaminiana hazipeani mawe. Makubaliano ya amani yaliyotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025 yanataja ushirikiano wa kiuchumi, na kwa maoni yangu hifadhi ya pamoja ya sampuli ingekuwa jambo la bei nafuu kuliko mengi yaliyomo, na lenye faida upesi kwa mwenye kibanda mpakani.

Kwa sasa ushauri kwa mfanyabiashara mdogo ni mfupi. Sheria inataka leseni kwa kila anayenunua au kuuza madini, na gunia lisilo na lebo halina mwenyewe likikamatwa isipokuwa aliyelibeba. Ujira wa kuvusha mzigo wa mtu haulingani na miezi ya mahabusu.

Rusizi ina mwamba wake halali, nao ni zawadi ya ufa. Chini kule Bugarama maji ya moto hupanda kupitia nyufa yakiwa yamebeba chokaa, na yanapofika hewani chokaa hubaki. Tabaka hizo za travatini ndizo zilizoilisha Cimerwa tangu 1984. Kiwanda kipya cha tani 600,000 kwa mwaka kilifunguliwa 2015, na mwaka 2024 kampuni ya saruji ya Kenya ilikamilisha kununua hisa zake karibu zote. Mwamba wa Rusizi, mtaji wa Kenya, ujenzi wa Bukavu: mfuko wa kilo 50 una stakabadhi, unajulikana ulikotoka, na hakuna mtaalamu wa New York anayeuandikia ripoti. Kinachousumbua ni ushuru, barabara na saa ya kufungwa daraja, mambo ambayo ofisi mbili zilizo upande huu na ule wa mto zinaweza kuyazungumza wiki hii.