Mkate wa Wishwa Si Boflo

Mwezi wa Machi mwaka 2023, Shaaban ikikaribia katikati, nilikwenda Abu Dhabi kumzuru mpwa wangu, kijana afanyaye kazi katika ghala moja huko Mussafah. Kabla sijatoka Mombasa, dadangu, ndiye mamake kijana, alinijia nyumbani na ujumbe mzito. Amepata habari kwamba mwanawe kila atokapo kazini hukesha akichora watu, na siku za mapumziko hulipa kiingilio kwenda kujumuika na watu wazima waliovaa vinyago. "Kakangu, wewe umesoma," akaniambia. "Kamwambie aache hayo masanamu. Mshahara wenyewe haba, na akhera ipo."

Nikamwahidi nitasema naye. Nilichomficha ni kwamba tiketi ya kijana huyo kwa siku tatu za maonyesho ilikuwa na ya pili yake, na hiyo ya pili ilikuwa yangu, na mimi ndimi niliyemwomba aninunulie.

Kusema kweli, ndugu msomaji, maradhi haya ni yangu ya tangu utotoni. Gazeti likiletwa nyumbani baba akisoma habari za serikali, nami nikingoja amalize ili nimfuate Juha Kalulu wa Edward Gitau. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni jarida la Majid.

Sisi tuliolelewa chuoni tulifundishwa kukisoma Kiarabu kabla ya kufundishwa kukifahamu. Herufi tukizitamka kwa makharij yake, na maana imebaki ng'ambo ya bahari. Basi ami yangu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Ghuba, kila arudipo huniletea jarida hilo la watoto, lililoanzishwa Abu Dhabi mwaka 1979. Ndani yake mlikuwa na visa vya picha: Kapteni Khalfan na msaidizi wake Fahman, binti mwerevu Zakia, na bwana mvivu kupita kiasi aitwaye Kaslan Jiddan. Majina kama ya jirani zetu! Alikuwamo na Fudhuli, kijitu kinachojificha katika kurasa na msomaji hutakiwa akitafute. Kwa Waarabu fudhuli ni mtu ajitiaye katika yasiyomhusu. Neno hilo lilipovuka bahari kuja kwetu likawa fedhuli, mtu wa kiburi na ujuvi. Picha ndizo zilizonifasiria. Mtu akianguka kisimani na juu yake pameandikwa neno, neno lile nalijua hata leo.

Siku moja mwalimu alilikuta jarida ndani ya juzuu yangu. Nilichapwa, na nilistahili, kwani juzuu si mahali pa mchezo. Lakini baada ya kunichapa aliketi akalifungua, akaniuliza maana ya neno moja lililo chini ya picha. Nikamjibu. Akaniuliza la pili, nikamjibu. Akalifunga, akalitia chini ya msala wake, na sikuliona tena mpaka Alhamisi, siku ya kufunga chuo, aliponirudishia pasi na kusema neno.

Baadaye nikaja kujua kwamba jina la jarida limetokana na Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya kumi na tano. Wako wasemao ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, na wanachuoni wengi wa leo wanalikanusha hilo. Lisilokanushwa ni kwamba nahodha huyo alikuwa mshairi, akitunga njia za bahari kwa vina ili mabaharia wazihifadhi, na moja katika tungo zake ni ya pwani hii yetu hadi Sofala. Kwa hivyo jarida la katuni limebeba jina la mshairi aliyeyajua maji yetu.

Turudi kwenye maonyesho. Ijumaa tulisali saa saba na robo, wakati uliokuwa umewekwa kwa nchi nzima tangu Januari 2022, kisha tukapanda basi. Mikutano ya namna hii asili yake ni Marekani. Ule wa San Diego ulianza mwaka 1970 katika hoteli ya U.S. Grant, watu wapatao mia tatu, na leo hukusanya zaidi ya laki moja. Huu wa Mashariki ya Kati ulianza Dubai mwaka 2012, ukahamia Abu Dhabi mwaka 2022 katika majumba makubwa ya maonyesho.

Lahaula! Nilichokiona mlangoni ni askari akizipima panga za mbao na mikuki ya sponji mmoja mmoja, kwa makini kama mpishi apimaye viungo vya biriani. Vijana wa Kiarabu, Wahindi, Wafilipino, Waafrika, kila mmoja amejivika vazi la mhusika ampendaye, na mavazi mengi wameyashona wenyewe usiku baada ya kazi. Wasichana wenye hijabu waliutia mtandio ndani ya vazi kwa ustadi, hata huwezi kujua wapi pameishia stara na wapi umeanza mchezo. Upuzi ulikuwamo, sikatai. Palikuwa na foleni ya kupiga picha na mwigizaji wa filamu, ndefu kama ya kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni, na bei yake mshahara wa mtu. Sikuikaribia.

Jumamosi ndiyo iliyonipa faida. Mpwa wangu alinipeleka kwenye meza za vitabu, akanikabidhi kitabu cha Kijapani kilichofasiriwa Kiarabu. Nikakifungua kama nifunguavyo msahafu, kuliani. Akacheka akaniambia, "Mjomba, wewe hukukosea. Wengine wote huanzia mwisho." Kumbe Wajapani nao kitabu chao cha picha hukianza kulia kwenda kushoto! Wamarekani walipoanza kuvifasiri vitabu hivyo iliwabidi kuzigeuza picha kama kwenye kioo, mtu wa mkono wa kulia akawa wa kushoto. Mwarabu hakuhitaji hilo. Wala babu zetu wasingelihitaji, waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mfano Utenzi wa Tambuka ambao hati yake yasemwa kuwa ya mwaka 1728. Nilisimama pale na kitabu mkononi nikihisi kama niliyekutana na jamaa nisiyemjua.

Kijana akanionyesha kingine: Siwar al-Dhahab, cha Mwimarati Qais Sedky, kilichotoka mwaka 2009. Hadithi ni ya mvulana na mwewe wa kuwindia. Maneno ameyatunga Mwarabu ajuaye uwindaji ule, na picha zimechorwa na Wajapani. Mwaka 2010 kilipata Tuzo ya Kitabu ya Sheikh Zayed katika fani ya watoto. Na kabla yake, mwaka 2006, Mwimarati mwingine, Mohammed Saeed Harib, alianza kuonyesha katuni ya televisheni iitwayo Freej, ya mabibi wanne wa Dubai wenye barakoa zao, wakizungumza lahaja ya mitaani kwao. Ukiwatazama utaapa umewahi kunywa kahawa barazani mwao. Watu hawa kwanza walifasiri. Mchezaji mpira wa Kijapani Tsubasa waliita Kapteni Majid, na watoto wakakua wakidhani ni Mwarabu. Kisha wakaanza kutunga ya kwao.

Jumapili tulikwenda kwenye kichochoro cha wachoraji, ambapo kila mmoja ana meza yake na kazi yake. Mpwa wangu hakuwa na meza. Alikuwa na faili la plastiki lenye kurasa kumi na mbili. Alisita sana kabla ya kunionyesha, na nilipozitazama nikajua kwa nini. Alikuwa amechora Fumo Liyongo.

Mkono wake ni mzuri, nimshuhudie kwa haki. Minazi yake inapepea, na jahazi lake laweza kuelea. Lakini Liyongo mwenyewe alikuwa na kifua cha shujaa wa Marekani na joho mgongoni. Na kijakazi Saada, apelekaye mkate gerezani uliofichwa tupa ndani yake, alikuwa amebeba boflo! Boflo la dukani, lenye mistari juu.

"Mwanangu," nikamwambia, "huu si mkate wa Liyongo. Ule ulikuwa mkate wa wishwa."

"Wishwa ni nini, mjomba?"

Hapo ndipo nilipoona aibu, na aibu ilikuwa yangu. Nikamweleza kwamba wishwa ni makapi ya nafaka, na ndiyo siri yote ya kisa. Walinzi walikuwa wakila kila chakula kizuri aletewacho mfungwa, kwa hivyo mamake alitia tupa ndani ya mkate mbaya ambao mlinzi hatautamani. Wangeliletewa boflo wangelila wao, na Liyongo angelikufa gerezani. Kosa dogo la picha limeua hadithi.

Tulipokuwa tukisemezana, bibi mmoja Mwimarati aliyekuwa akichora mezani aliomba kutazama. Alikaa sana kwenye ukurasa wa mwisho, ambapo shujaa amepiga goti kisimani na upinde wake. Akauliza kwa Kiarabu, huyu anamngoja nani? Kijana hakujibu vizuri. Nikajibu mimi, kwa Kiarabu changu cha chuoni na cha Majid: hamngoji mtu, ameshakufa. Mwanawe mwenyewe alimchoma sindano ya shaba ya kitovu alipolala. Akaamka akashika uta wake, akenda akapiga goti penye kisima, akafia hapo hapo, na watu wa mji wakakaa na kiu siku nyingi wakiogopa kumkaribia maiti. Yule bibi aliiweka kalamu chini. Akamwambia mpwa wangu, "Hilo hukulichora. Umechora mtu na kisima. Ile kiu iko wapi?"

Sasa niwageukie washairi wenzangu wa Mvita, Lamu, Malindi na Vanga. Sisi tunaoandikiana kila wiki kurasani, huyu akimkosoa yule kwa mizani iliyopungua, ni lini tumekaa na kijana mwenye kalamu ya risasi tukamwambia wishwa ni nini? Nairobi walitutangulia. Terry Hirst aliingiza ngano za Kenya katika mfululizo wa Pichadithi, miaka ya themanini. Sasa Sema walitoa vitabu vya katuni kwa Kiswahili kuanzia 1996, Abunuwasi wa Gado akiwa wa mwanzoni, na Liyongo naye aliwahi kupata chake humo. Mwaka 2010 likaja jarida la Shujaaz, likigawanywa bure ndani ya gazeti, na mwaka 2012 likashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Lugha yake ni Sheng, nasi tukiwa barazani huilaani Sheng mpaka kahawa ikapoa. Na watoto hao hao tumewaandikia katuni ngapi za Kiswahili cha sawasawa?

Najua liko suala la dini, wala silikwepi. Wako maulamaa wanaokataza kila picha ya chenye roho, na wako wanaokataza masanamu yenye kivuli peke yake, na kila upande una hoja zake. Mimi si mufti. Najua pia kwamba si kila kitu chafaa kutiwa katunini. Naif Al-Mutawa wa Kuwait alipotoa The 99 mwaka 2006, mashujaa wake wakiwa wamefungamanishwa na majina tisini na tisa ya Mwenyezi Mungu, baadhi ya maulamaa wa Saudia walimpinga, na hapo moyo wangu umeegemea kwa waliopinga. Lakini Liyongo si suala hilo. Na mzee mwenye kumkataza kijana asichore Liyongo, huku simu ya mjukuu wake imejaa mashujaa wa Marekani tangu asubuhi, hajakataza picha. Amekataza yetu.

Mtu aliyetuachia Utenzi wa Liyongo katika hati ya mwaka 1913, Muhammad Kijuma wa Lamu, alikuwa mshairi, na alikuwa mchonga mbao, mwenye khati nzuri na mpiga ala pia. Kwake neno na sura vilikaa katika mkono mmoja. Sisi tumevitenganisha, mwenye neno amebaki Mombasa na mwenye sura yuko ghalani Mussafah.

Usiku wa Jumapili tulikaa chumbani kwake hadi saa nane, wenzake wamelala, mimi nikisimulia naye akifuta. Joho likatoka. Boflo likatoka. Kisimani aliongeza mitungi mitupu imepangwa mbali, na mwanamke amemziba mtoto mdomo asilie maji.

Niliporudi Mombasa dadangu alikuwa akiningoja. Sikutoa hotuba. Nilimpa nakala za kurasa zile, nikamsomea moja baada ya moja. Alisikiliza kimya, hata tulipofika mahali Mbwasho, mamake Liyongo, anakwenda kisimani kumsihi mwanawe. Akanipokonya karatasi akaisogeza penye mwanga.

"Huyu kamvika buibui," akasema. "Zama za Liyongo buibui lilikuwa wapi? Mwandikie amvue, amtie ushungi."

Habari ya kuacha kuchora hakuitaja, nami sikumkumbusha.