Neno la Mhariri: Ngara Isipimwe kwa Kipimo cha Dar es Salaam

Makala tatu katika toleo hili zinasema jambo moja: redio ya mkoani inayotaka kuishi kwa matangazo ya biashara haina budi kupiga kinachopigwa Dar es Salaam. Tumezichapisha zote. Mimi nazipinga, na ushahidi wangu uko Ngara, wilaya iliyo mpakani mwa Rwanda na Burundi.

Radio Kwizera ya Ngara ilianzishwa na JRS, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 kuvuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Mmoja wa waandishi wetu anaichukulia kuwa sura ya misaada iliyokwisha kambi zilipofungwa. Sivyo. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, kambi ya Lukole ya Warundi nayo ikafungwa baadaye, lakini redio ikabaki hewani. Wenyeji walikuwa wameshaifanya yao.

Kilichowavuta ni lugha. Kirundi kilichowekwa kwenye ratiba kwa ajili ya wakimbizi, Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, anakielewa bila mkalimani. Kanuni zetu za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Lugha nyingine mpaka kibali. Kwa hiyo mkazi wa Nyamiaga, Ngara, alisikia redioni lugha iliyo ndugu wa lugha yake kwa sababu tu jirani yake alikuwa mkimbizi. Raia hakupangiwa kipindi kwa lugha za wenyeji, Kihangaza wala Kishubi.

Najua hofu iliyoko nyuma ya kanuni hizo, na siidharau. RTLM, redio ya Rwanda, ilivuta masikio ya vijana kwa muziki na mizaha kabla ya kuchochea mauaji ya kimbari ya 1994, na ilifanya hivyo kwa Kinyarwanda. Lakini Kwizera ilizungumza Kinyarwanda hichohicho na watu waliotoka katika maangamizi hayo, ikihimiza amani. Mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyohukumu kesi za mauaji hayo, katika hukumu yake ya Desemba 2003, iliwatia hatiani watu kwa yale waliyoyasema, waliyoyaandika na waliyoyasimamia. Maudhui ndiyo ya kudhibitiwa, na sheria za kuyadhibiti tunazo.

Hata kwa hesabu ya biashara, wanaotaka kuiga Dar es Salaam wanakosea. Muuza mbegu wa Biharamulo hana faida na msikilizaji wa Sinza, Dar es Salaam. Redio ya wilaya hula kwa tangazo la duka, la mnada, la msiba, na kwa salamu. Wimbo mpya kijana ameshaupakua kwenye simu yake. Redio ya nyumbani anaitaka imweleze daraja lipi limesombwa na mvua na bei ya maharage sokoni ikoje. Habari hizo zikisomwa kwa lugha ambayo bibi yake anaielewa, nyumba nzima inasikiliza, na mwenye duka analipa.

Makala kuhusu X FM, iliyopiga roki Nairobi kwenye 105.5, isomwe kwa jicho hilo: nayo ilichagua watu wake. Mahojiano kuhusu redio FADECO ya Karagwe ni mafupi mno, ila ni mazuri.

Ombi langu kwa TCRA, mamlaka inayosimamia utangazaji, ni hili: stesheni zenye leseni ya wilaya ziruhusiwe saa chache kila siku kwa lugha za wenyeji, kwa masharti yaleyale ya maudhui yanayozibana sasa. Wanaopinga waandike. Nafasi katika toleo lijalo tumewatengea.