Baiskeli ya Mia Nne

Ukipata 400, nitakununulia baiskeli. Kama ulifanya KCPE, najua ulisikia hiyo. Mimi niliambiwa na baba hapa Kabazi tukipukuchua mahindi, mbele ya majirani, ili asije akaruka.

Basi kila usiku kitabu kiko wazi na mimi niko njiani, napanda mlima na baiskeli yangu. Nilishachagua hadi rangi. Naanza swali la kwanza, nahesabu alama, narudi mwanzo. Nikapata 371. Usagaji wa chakula nimeusahau wote, lakini ile baiskeli naweza kukuchorea sasa hivi.

Halafu mtu anasimama ati vijana hawatulii kwa sababu hawana motisha. Motisha gani tena? Tumehongwa tangu chekechea!

Angalia Busia na Teso. Mwaka wa 1998 na 1999, walimu wa shule 50 za msingi waliahidiwa zawadi, suti na vyombo vya nyumbani, wanafunzi wakifanya vizuri. Wachumi Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer wakafuatilia. Walimu hawakuja shuleni zaidi, hawakuongeza kazi ya nyumbani. Waliongeza vipindi vya kujiandalia mtihani, basi. Alama zikapanda kwa mitihani yenye zawadi. Mradi ulipoisha, faida ikayeyuka. Macho yalikuwa kwa suti.

Utaniuliza, na wale wasichana? Haya. Mwaka wa 2001 mradi mwingine uliahidi ufadhili kwa wasichana bora wa darasa la sita, na huko Busia alama zikapanda, hata za wale ambao hawangeshinda. Sibishi. Lakini zawadi yenyewe ilikuwa nini? Karo na vifaa vya shule kwa miaka miwili. Hiyo si kitu cha kuota ukiwa darasani. Hiyo ni ruhusa ya kubaki darasani.

Kijana aliyeketi nyuma yangu alifukuzwa mara tatu kwa muhula mmoja, pesa ya mtihani. Akirudi anaambiwa atulize akili. Atulize na nini?

Juzi nimemkuta baba akimwahidi kitindamimba wetu, yuko gredi ya 9, simu. Nikamvuta kando. "Baba, pesa ya rimu umelipa?"

Akaniangalia tu. "Hiyo wataitisha tena," akasema.