Kipimo cha sukari cha kuvaa kianzie kwa mtoto wa milimani

Saa nane usiku ni saa ngumu kwa mzazi mwenye mtoto wa kisukari. Mtoto amelala. Jioni amechomwa insulini yake kama kawaida, lakini amekula ugali kidogo kwa sababu alirudi shuleni amechoka. Mama anasimama kitandani na tochi ya simu, anamgusa paji la uso kuangalia kama kuna jasho la baridi, kisha anajiuliza swali la kila usiku: nimwamshe nimchome kidole, au nimwache alale?

Sasa mfikirie mama huyo akiwa Chome au Vudee, juu kwenye milima ya Upare. Barabara ya kushuka Same mjini ni ya kona na vumbi, na masika inakuwa matope. Mtoto akizirai usiku, gari la wagonjwa ni bodaboda ya jirani, kama jirani yupo na mafuta yapo. Ikihitajika rufaa ya KCMC Moshi, ukishafika Same bado una safari ya kama kilomita 100. Mzazi wa mjini ana hofu hiyo hiyo, ila yeye ana hospitali karibu.

Ninazungumzia kisukari aina ya kwanza, kile ambacho kongosho huacha kutengeneza insulini na mtoto huishi kwa sindano kila siku. Dozi ikiwa ndogo, sukari hupanda na damu hujaa asidi. Ikiwa kubwa kuliko chakula alichokula, sukari hushuka hadi degedege na kuzirai. Njia zote mbili zinaua. Katikati yake kuna njia nyembamba, na mzazi huiona pale tu anapopima.

Siku hizi kipo kifaa cha kupima sukari mfululizo. Ni kidude kidogo kinachobandikwa mkononi au tumboni, chenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kusoma sukari kila baada ya dakika chache. Majibu yanaonekana kwenye simu au kwenye mashine yake ndogo, pamoja na mshale unaoonyesha kama sukari inapanda au inashuka. Vingi hulia kengele sukari ikishuka mno. Anayechoma kidole mara nne kwa siku anapata namba nne. Kifaa kinachopima kila dakika tano kinatoa namba 288, zikiwemo za saa nane usiku.

Tangu Machi 2022, mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza unataka kila mwenye kisukari aina ya kwanza, mtoto kwa mkubwa, apewe nafasi ya kutumia kifaa cha aina hii. Huko, kihisi kimoja cha kuvaa siku 14 kimekuwa kikigharimu mfumo wao wa afya takriban pauni 35, yaani zaidi ya shilingi 100,000 za kwetu. Kwa mwaka vinahitajika 26. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba auze magunia mangapi afikishe zaidi ya milioni mbili na laki sita, kabla hajalipa nauli ya kliniki?

Ndiyo maana nchini kwetu kifaa hiki kinaonekana ni cha wenye uwezo, na wengi wao wanaishi mijini. Mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini. Aliye mbali zaidi na hospitali ndiye anayehitaji zaidi kuonywa mapema, maana kwake nusu saa ya kuwahi inaweza kuwa ndiyo uhai wenyewe.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Mtu atasema: stripu za kupimia zenyewe huisha, insulini inatafutiwa pa kuhifadhiwa, nawe unataka vifaa vya kisasa? Nakubali kwamba insulini na stripu ndizo za kwanza. Kwa miaka mingi Chama cha Kisukari Tanzania na mipango kama Life for a Child imesaidia watoto wetu kuzipata bila malipo, na msaada huo usiguswe. Kifaa kipya bila insulini ni pambo. Hata mwenye nacho anahitaji stripu, kwa sababu kihisi husoma majimaji ya chini ya ngozi, ambayo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu.

Lakini kusema watu wa vijijini hawataviweza si kweli. Wilaya ya Neno, Malawi, ni ya milima na wakulima kama Same. Watafiti waliwavisha wagonjwa wa huko kwa miezi mitatu, na ikaonekana kwamba inawezekana.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, kitita cha huduma kitaje kifaa hiki kwa watoto wenye kisukari aina ya kwanza, na kinunuliwe kwa pamoja kupitia Bohari ya Dawa ili bei ishuke. Pili, kama havitoshi wote, foleni ipangwe kwa umbali na hatari: mtoto wa mbali na hospitali, na yule aliyewahi kuzirai usiku, watangulie. Tatu, kliniki za wilaya ziwe na vifaa vya kuazimisha. Mtoto avae wiki mbili, arudi, daktari asome usiku wake wote 14 na kurekebisha dozi. Kihisi kimoja kwa mtoto mara mbili kwa mwaka si mzigo wa kuishinda nchi.

Mzazi, wakati tukisubiri, usiku wa leo bado ni wako. Pima kabla mtoto hajalala. Siku aliyocheza sana, aliyepanda milima na kuni au aliyekula kidogo, weka kengele ya simu umpime usiku wa manane pia. Ikisoma chini ya 4, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, na ikishapanda mpe chakula. Akiwa amezirai usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Usiache insulini kwa kuwa anaumwa, uliza kliniki. Andika kila namba kwenye daftari na ulipeleke kliniki. Mwalimu wake naye ajue dalili hizo, maana nusu ya siku mtoto yuko mikononi mwake.

Na ukifika kliniki, uliza kuhusu kifaa cha kuvaa. Uliza hata kama jibu ni hapana. Wanaopanga bajeti huhesabu mahitaji yaliyosemwa, na mzazi wa Chome akinyamaza, hesabu hiyo itaishia mjini.