Kabla ya Kununua Kipuri Kilichotumika

Wasomaji wetu wa Arua na Koboko walijua vyema jambo hili. Kijana apokea mshahara, amsikia mwenzake akisifu tabo ya Subaru iliyong'olewa katika gari lililopinduka, na kabla ya jioni fedha ya chakula imekwisha kugeuka chuma. Hatumkatazi mtu kupenda gari lenye mbio. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka 15 tangu kuundwa. Mwenye Impreza au Lancer ya zamani atatafuta wapi vipuri kama si kwa wenziwe? Twataka tu mama wa nyumba ashauriwe kwanza, naye ajue la kuuliza.

Pembe hii ya nchi ina mtego wake. Kongo na Sudani Kusini magari hupita kulia, kwetu hupita kushoto. Taa ya mbele iliyoundwa kwa nchi za kulia huinua mwanga upande wa kulia. Ukiifunga katika gari lako, usiku katika ile barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, mwanga wake wa chini utamchoma machoni dereva akujiaye mbele, na huenda amepakia watoto. Taa hizo zang'aa, bei yake ni nafuu, na mwuzaji hatakuambia. Mtambo wa usukani wa kushoto nao haufai katika gari letu.

Tabo ishike mkononi. Mhimili wake ukicheza kidogo kwenda pembeni, si kitu. Ukienda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza ganda, iache. Mpira wa gurudumu usome ubavuni: 2419 maana yake ni juma la 24 la mwaka 2019. Pedi za breki na shokomzoba zilizotumika hatuzisemei neno jema, hasa zilizotoka katika gari la mashindano.

Injini nzima ni habari nyingine. Namba yake imo katika kadi ya gari, na askari anunuaye injini huku akijua ni ya wizi hushtakiwa kama raia yeyote. Basi mwuzaji na aonyeshe kadi ya gari ilimotoka, namba zilinganishwe, na hati iandikwe mbele ya shahidi, yenye majina, tarehe, bei na namba hiyo. Rafiki akichukizwa kutakiwa saini kwa kuwa mmelala chumba kimoja kambini, mwambie mkeo ndiye anayeidai.