Mgogo si Ombaomba

Mzaha huu nimeuvumilia miaka mingi, na leo nimechoka.

Siku moja nilikuwa ndani ya basi nikitoka Dar es Salaam kurudi nyumbani Dodoma. Tulipoiacha Gairo na kuanza kuiona mibuyu na ardhi kavu ya Kongwa, kijana aliyekaa karibu nami alicheka akasema, "Shikamoo mzee. Kumbe ndiyo maana Wagogo mnaombaomba. Mungu mwenyewe aliwanyima!" Abiria wakacheka. Nami kwa aibu nikacheka nao. Kicheko changu ndicho kilichoniuma kuliko maneno yake, na haya ninayoandika ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kwanza, Mungu hakutunyima. Alitupa nchi yenye mvua chache na akili ya kuishi nayo. Wazee wetu walipanda uwele na mtama, nafaka zinazostahimili jua. Walikausha mlenda wakauweka akiba. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizini kwake. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame ukipiga huku, kule wabaki. Na mwaka ukiwa mbaya kabisa, watu walikwenda kuhemea. Kuhemea si kuomba. Mtu aliondoka na mbuzi wake, au na jembe lake begani, akaenda kubadilishana au kulima kwa wenye chakula, akarudi na mzigo kichwani.

Nchi hii ina masharti yake. Waingereza waliyadharau walipoleta Kongwa mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakiwa na matrekta na wataalamu. Mibuyu ikawashinda, udongo ukawa mgumu kama saruji, mvua ikawakimbia. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Mbona sijasikia mtu akisema kwamba Waingereza ni kabila la wavivu?

Pili, njaa kubwa kuliko zote tunazozikumbuka haikuletwa na jua peke yake. Tunaiita Mtunya. Ilianza mwaka 1917 na kuendelea hadi 1920. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua kilichobaki. Mvua ziliposhindwa, hapakuwa na akiba ghalani, wala ng'ombe wa kuhemea, wala kijana wa kushika jembe. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Bibi yangu alikuwa binti mdogo wakati huo. Alipotusimulia hakulaumu mbingu. Alisema tu, "Walitukomba." Kisha akanyamaza.

Nimesoma habari za watu wa Ukraine, huko mbali Ulaya, nikamkumbuka bibi. Nchi yao ina rutuba kuliko nyingi duniani, lakini mwaka 1932 na 1933 serikali ya Stalin iliwanyang'anya wakulima nafaka, wakafa kwa mamilioni. Kwa miaka mingi watawala wa Kisovieti walikataza njaa ile isitajwe. Leo, kila Jumamosi ya nne ya Novemba, watu wa Ukraine huwasha mishumaa madirishani na kuwaombea marehemu wao. Hata baada ya Urusi kuivamia nchi yao mwaka 2022 hawakuacha. Nani atathubutu kuwacheka na kuwaita ombaomba? Wanajua ni nani aliyewafanya wawe na njaa, na wamewafundisha watoto wao.

Sisi je? Nimezaliwa na kukulia Dodoma, na sijauona mnara wa Mtunya, wala shuleni sikufundishwa habari zake. Tumeuachia mzaha mahali pa historia. Mtu asiyejua alivyonyang'anywa huamini kwamba alizaliwa maskini.

Sikatai kwamba wako Wagogo wanaoomba katika mitaa ya miji mikubwa. Wako pia wazazi waliowageuza watoto wao kuwa mtaji, na hao siwatetei. Lakini barabarani wako watu wa kila kabila. Umaskini wa mtu mmoja hauwi tabia ya kabila zima.

Na wewe mhubiri unayesema ukame wetu ni laana, nakuomba ufikiri tena. Bibi yangu aliomba mvua kanisani kila mwaka, na akitoka huko alikwenda kupalilia uwele wake. Akinamama wenzake walipiga muheme katika miaka ya shibe na katika miaka ya njaa. Marehemu Hukwe Zawose alitoka katika nchi hii hii kavu, na dunia nzima ikakaa kimya kusikiliza zeze na ilimba yake. Watu waliolaaniwa hawaimbi hivyo.

Mwalimu, wafundishe watoto habari za Mtunya. Makanisani na misikitini, tuwataje marehemu wetu katika sala. Nawe kijana wa basini, kama kitabu hiki kimekufikia, nakusalimu kwa Kigogo: mbukwa! Tukikutana tena njiani sitacheka. Nitakuomba usogee, nikae, nikusimulie.